Kong'ayo Haipiti

Injinia Motari alikuwa amevaa viatu vya kahawia vyenye ncha kama mdomo wa korongo, na chini ya meza alikuwa ametandika gazeti ili visiguse sakafu ya maabara. Sajini Nyakerario aliliona gazeti kabla hajauona uso wa mwenyewe. Akalikanyaga akipita.

"Pole, injinia."

"Hakuna shida, mathee." Macho ya Motari hayakutoka kwenye simu. "Mnatafuta nini tena? Si ripoti nilishawapa?"

Ripoti yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wa Nyakerario, kurasa mbili, pamoja na cheti kimoja cha maji na kaunta buku ya maabara iliyokunjika pembe. Katika kurasa zile mbili kulikuwa na sentensi moja tu iliyokuwa na kazi: mashine ni nzima, programu inayoiongoza ni nzima, na kuganda kwake kunatokana na mkono wa mtu. Kwa sentensi hiyo, jana saa kumi jioni, Nyakerario alikuwa amemfunga pingu Beverlyne Kemuma, mpimaji wa maabara, akiwa bado amevaa koti jeupe. Leo saa nane mchana msichana angesimama kortini Homa Bay kusomewa mashtaka mawili: kuharibu ushahidi na kughushi cheti.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo.

"Nimekuja unionyeshe ulivyoijaribu," alisema Nyakerario.

"Nikuonyeshe wewe?"

"Kuna mwingine hapa?"

Motari akacheka puani. Alikuwa mtu wa kampuni iliyouza mashine, ametoka Nairobi Jumatatu, na tangu afike hakuwa amemwita mtu yeyote kwa jina lake. Mpokeaji wa chupa alimwita "huyu mama", Beverlyne alimwita "huyo binti", na mji mzima wa Homa Bay aliuita "huku kwenu". Alivuta kiti, akakipangusa kwa kitambaa, ndipo akakaa.

Mashine ilikuwa sanduku jeupe lenye sindano nyembamba mbele. Sindano inazama kwenye chupa, inanyonya maji, na sanduku linasoma kama ndani kuna zebaki na ni kiasi gani. Lakini sanduku halifanyi lolote bila kompyuta iliyo kando yake. Kwenye kompyuta unaandika jina la maji, unabonyeza ANZA, namba zinatokea. Programu ya zamani ilifanya kazi hiyo miaka minne bila maneno. Mwezi wa kwanza Motari alileta mpya, akaifunga, akaondoka, na ndipo mambo yakaanza.

Kaunta buku ilikuwa shahidi. Kila mara kompyuta ilipoganda, Beverlyne aliandika kwa kalamu ya buluu neno moja: Imehang. Yalikuwa tisa kwa miezi mitatu. Sita kati yake yalikuwa mbele ya jina moja, Kong'ayo, kijiji cha upande wa Macalder chenye kisima kimoja na mtambo mmoja wa kusafisha dhahabu kwa zebaki juu ya kisima hicho. Watoto wa Kong'ayo walikuwa wameanza kutetemeka vidole. Chifu alileta maji yao mara sita, na mara sita kompyuta ikasimama kama punda aliyekataa daraja. Halafu, Jumamosi iliyopita, cheti kikatoka chenyewe: maji ya Kong'ayo ni safi, yanyweni. Kilitoka kwa nywila ya Beverlyne. Tangu Jumamosi akina mama walikuwa wakichota tena.

"Tazama basi," alisema Motari. Akaweka chupa ya maji ya bomba chini ya sindano, akaandika TEST 1. Namba zikatoka. Akaandika TEST 2. Zikatoka. "Nimefanya hivi mara arobaini. Hakuna kuganda. Kebo nimebadilisha, diski nimeangalia, antivirusi nimezima, umeme nimepima. Mashine ni malaika. Shida ni mtu. Sisi tunaita user error."

"Na ukiandika jina la kijiji?"

"Jina halina maana kwa mashine, mathee. Kwa mashine hiyo ni lebo tu." Lakini akaandika, kwa kidole kimoja, kwa uvivu. KONGAYO. ANZA. Namba zikatoka bila kusita. Akageuza kiti amwangalie vizuri, kama mwalimu aliyemaliza hesabu ubaoni. "Umeona? Huyo binti alikuwa anachomoa kebo. Mkiniuliza mimi, mngemfunga zamani."

Nyakerario alikuwa ametoa cheti mkobani na kukilaza mezani kando ya kompyuta. Kwenye cheti, kwa herufi za mashine, paliandikwa Kongayo. Kwenye skrini paliandikwa KONGAYO. Akafungua kaunta buku. Mara zote sita, kwa mwandiko wa Beverlyne ulionyooka kama mstari wa nguo, palikuwa na Kong'ayo.

Akavuta kiti chake mwenyewe. Hakukipangusa.

"Injinia, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nairobi. Nyumbani kwangu. Kwa nini?"

"Hii kompyuta, wewe unaweza kuingia ukiwa nyumbani kwako?"

Hapo Motari hakuweza kujizuia. Mtu mwenye majivuno ukimwuliza kama anaweza jambo, hata kama jambo lenyewe ni shimo, ataruka. "Madam, mimi naweza kuingia kwa hii mashine nikiwa kitandani. Naona kila kitu. Nabonyeza kila kitu. Ni mtandao tu."

Amehama kutoka mathee, yaani mama wa mtaani, kuja madam, Nyakerario aliona. Akaandika jibu lile kwenye daftari lake, neno kwa neno, polepole, hadi Motari akaanza kulitazama daftari.

"Na nywila ya Beverlyne unaijua?"

"Nani haijui? Imebandikwa chini ya kibodi. Zote zimebandikwa." Akaigeuza kibodi. Kweli, karatasi ya njano ilikuwa pale na majina matatu. "Huku kwenu usalama ni hivyo."

"Kwa hiyo Jumamosi mtu aliingia kwa jina la Beverlyne, akaandika Kongayo hivi hivi unavyoandika wewe, akatoa cheti. Wewe unaweza kuingia ukiwa kitandani. Na nywila unaijua." Nyakerario alifunika kalamu. "Nisaidie, injinia. Mimi sikusoma sana."

Uso wa Motari ulibadilika rangi kuanzia shingoni. "Wait. Wait, madam. Mimi ni mtu wa kampuni."

"Viatu vimeniambia."

Dolphine alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chupa, mwanamke mnene wa Homa Bay aliyepokea maji ya watu kwa miaka kumi na moja na kuyabandika majina. Alikuwa hajakaribishwa kwenye mazungumzo, lakini maabara ile hakuna neno lililopita bila yeye.

"Huyo mwachilie tu, afande," alisema. "Hata kama ni mjinga, si yeye. Intaneti yetu ilikatwa Alhamisi. Wale wa barabara walichimba wakakata waya hapo nje kwa geti. Imerudi juzi Jumatatu, saa ile huyu alifika akaanza kulia hakuna Wi-Fi."

"Una hakika?"

"Yawa! Si mimi ndiye nilipigiwa kelele? Uliza mtaa wote."

Nyakerario akaufuta mstari mmoja katika daftari. Motari alitoa pumzi ndefu, akajikuta amemshukuru mtu ambaye jana alimwamuru ampikie chai. Dolphine hakuipokea shukrani hiyo. Alipita akaweka trei mezani, pembe moja juu ya simu ya injinia.

Saa nne kasoro dakika kumi.

"Dolphine, hebu nisomee hiki kitabu," alisema Nyakerario. "Zile tisa tu, za Imehang. Kwa sauti."

"Ang'o?" Dolphine aliinamisha kichwa. Hivyo ndivyo alivyouliza "nini" akishangaa, Kiluo kikimtoka kabla ya Kiswahili.

"Soma tu."

Dolphine akasoma kwa kidole. "Kong'ayo, imehang. Josho la ng'ombe, Ogwedhi, imehang. Josho la ng'ombe tena, imehang. Kong'ayo. Kong'ayo. Kisima cha Mama Ong'ondo, Rodi, imehang. Huyu mama alichoka akaja kuchukua chupa yake, alitutukana wote. Kong'ayo. Kong'ayo. Kong'ayo."

"Sasa nisomee zilizopita siku hizo hizo."

"Masara. Macalder A. Macalder B. Ogwedhi mto. Rodi shule." Dolphine aliinua kichwa. "Hizi zilipita."

Nyakerario alikuwa ameinua kidole kimoja. Katika shule ya msingi aliyosoma, mwalimu wa darasa la pili alichapa watoto kwa jambo hilo moja tu: ng ya ngazi na ng' ya ng'ombe. Hii ya pili ilikuwa na kidude juu. Usipokiweka, ngombe yako haikuwa na maziwa, na fimbo ilikuwa karibu.

"Ogwedhi ya mto ilipita," alisema. "Ogwedhi ya ng'ombe ikaganda. Mahali ni pamoja."

"Maji si mamoja," alisema Motari.

"Ndiyo maana tutatumia maji mamoja. Chupa yako ya bomba iko wapi?"

Akaivuta chini ya sindano mwenyewe. Akaandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi: ANGO. ANZA. Namba zikatoka. Akaandika tena, na safari hii akaitafuta ile alama ndogo ya juu hadi akaipata karibu na kitufe cha kushukia mstari: ANG'O. ANZA.

Duara dogo la buluu lilizunguka mara moja. Mara mbili. Likasimama.

Kishale cha kipanya hakikusogea kwenye skrini. Saa ya kwenye skrini ilibaki saa nne na dakika mbili, na ile ya ukutani ikaenda mbele. Sindano ilibaki imezama kwenye maji ya bomba ya Homa Bay kama mbu aliyesahau kazi yake.

"Imehang," alisema Dolphine kwa sauti ndogo.

Motari aliinuka akaja. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akazima, akawasha. Akaandika MAJI, ikapita. Akaandika MAJI', ikaganda. Mara ya tatu alikaa akaangalia mikono yake. "Ni alama ya nukuu," alisema hatimaye, akijisemea. "Programu inafikiri jina limekwisha hapo. Inangoja mengine. Itangoja mpaka kesho." Kisha akakumbuka kwamba kuna watu chumbani. "Lakini pia, hizi majina zenu... nani anaandika jina na alama katikati?"

"Watu wote wa kutoka hapa hadi Kisii," alisema Dolphine. "Wewe ukiwa Motari, Mkisii kabisa, bibi yako kwao hakuna Nyang'au hata mmoja?"

Motari aliinama akaiwasha kompyuta upya.

"Mara arobaini umeandika TEST," alisema Nyakerario. Hakupandisha sauti. "Mtu ameletwa kutoka Nairobi, amelazwa hotelini, kitabu hiki kimelala mezani siku tatu, na hakukifungua kuona walichokuwa wanaandika wenyewe. Halafu akatia sahihi mtoto wa mtu alale sakafuni. Na mimi nikakuamini. Andika ulichoona sasa hivi. Kwa mkono. Ukimaliza, tia sahihi kubwa kama ile ya kwanza."

Motari alichukua karatasi bila kuuliza ni ya nini.

Mashine ilikuwa imeeleza kuganda kwake. Cheti kilikuwa bado hakijaeleza chochote. Kama ng' ndiyo iliyoigandisha mara sita, basi aliyekitoa Jumamosi alijua kuiacha. Beverlyne hakujua, angejua asingeandika Imehang mara tisa. Isitoshe, Jumamosi alikuwa kanisani tangu saa mbili, anafundisha watoto shule ya Sabato, na waumini sitini walimwona. Jana Nyakerario alikuwa ameambiwa hivyo na msichana mwenyewe, akamjibu kwamba kila mwizi ana kanisa. Maneno hayo aliyakumbuka sasa, akageuza ukurasa.

Na hapo, chini ya josho la ng'ombe, ndipo alipoona kitu ambacho Dolphine hakukisoma kwa sababu hakikuwa na Imehang wala hakikuwa cha siku zile. Mstari mwembamba, wino mweusi, mwandiko mwingine: Mifugo, Ogwedhi. Imepita. Na herufi moja pembeni, O.

Ng'ombe imekataa. Mtu akabadilisha, akaandika mifugo. Imepita.

"Hii ilikuwa mwezi gani?" aliuliza.

"Wa kwanza mwishoni," alisema Dolphine. "Beverlyne alikuwa ameenda matanga. Yule mzee wa Ogwedhi alikuwa anapiga kelele, ng'ombe wake wanakufa. Daktari mwenyewe akashuka akampimia."

"Daktari."

"Si tuko na mmoja tu?"

Mlango wa mkurugenzi ulikuwa mwisho wa korido. Juu yake kulikuwa na kibao cha shaba: DKT. ORINA NYANG'AU. Kibao kilisuguliwa kila asubuhi, na ile alama ya juu ilikuwa imechongwa ndefu, yenye mkia, kama unyoya kwenye kofia ya mtu mkubwa. Jana Nyakerario alipita chini yake asiitazame. Leo aliitazama.

"Sajini wangu!" Daktari Orina alisimama nusu, akakaa. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuzungumza na watu wa chini akitabasamu, kama anayemlisha kuku. "Karibu, dada yangu. Yule binti amekubali makosa?"

"Bado, Daktari. Nimebakiza karatasi mbili tatu kabla ya korti. Unajua sisi na karatasi."

"Najua. Poleni sana. Kazi yenu si ya kichwa sana, ni ya miguu, lakini ni kazi."

"Ni kazi," alikubali Nyakerario. "Kwanza niandikie hapa, kwa mkono wako, kwamba wewe ndiye uliyepiga ripoti, na maji yenyewe yalitoka wapi."

Orina akaandika kwa kalamu ya wino mweusi, haraka, bila kufikiri. Nyakerario akasoma akiwa amesimama. Nilipiga ripoti kuhusu sampuli za kisima cha Kong'ayo. Alama ilikuwa pale, imara, yenye mkia kama ya mlangoni.

"Asante. La pili. Chupa moja ya Kong'ayo ilibaki kwenye friji, nimeifunga jana kwa lakiri yangu. Korti itataka ipimwe. Injinia amenichosha, anaongea Kizungu tu. Wewe ndiye mwenye maabara. Ungeipima wewe, mbele yangu, pasiwe na mashaka."

Orina alisita kidogo. "Mashine inasumbua, dada."

"Injinia ameandika kwamba ni malaika."

Hakuwa na njia ya kukataa kile ambacho malalamiko yake mwenyewe kwa polisi yalitegemea. Walishuka pamoja. Dolphine alileta chupa kutoka kwenye friji, Nyakerario akavunja lakiri mbele ya wote. Motari alikuwa kona, anaandika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alikuwa kimya. Nyakerario alikuwa amemwambia kwamba akifungua mdomo atapanda gari lile lile na Daktari.

Orina akavaa glavu. Akaweka chupa. Akasogeza kibodi, akaandika jina la sampuli kwa vidole vyote kumi, akiendelea kuzungumza.

"Unajua, dada yangu, hawa wasichana ukiwapa nafasi..."

KONGAYO. Kidole chake kilikuwa juu ya ANZA.

"Daktari, ngoja."

Akangoja.

Nyakerario akaweka mezani, kando ya skrini, karatasi ambayo Orina mwenyewe aliiandika dakika kumi nyuma. Kong'ayo kwa wino. KONGAYO kwa taa. Wote waliokuwa chumbani wakaangalia huku, wakaangalia kule.

"Juu ya karatasi kidude umekiweka," alisema. "Juu ya mashine umekiacha. Kimeenda wapi?"

"Ni... kosa la kuandika. Haraka tu."

"Basi kiweke."

Orina hakusogeza mkono.

"Kiweke, Daktari. Ni kitufe kimoja. Injinia amesema jina ni lebo tu, mashine haijali." Alingoja. "Au unajua kitakachotokea?"

"Sajini, mimi ni mtu wa sayansi. Siwezi kuhojiwa tahajia na..."

"Na nani?"

Nyakerario akafungua kaunta buku, akaweka kidole chini ya mstari wa wino mweusi. "Mwezi wa kwanza ng'ombe walikataa, ukawaita mifugo. Ukapata jibu siku hiyo. Ungemwambia Beverlyne neno moja, chifu wa Kong'ayo asingerudi mara sita. Hukumwambia. Ulimwacha aandike Imehang kama mtoto anayeandikishwa adhabu. Halafu mashine ikaganda Kong'ayo mara sita, ukaona ni baraka. Mtambo ule juu ya kisima ni wa nani?"

Dolphine alijibu kabla yake. "Ni wa shemeji yake. Ndugu ya mke. Alikuja hapa Krismasi na mbuzi."

"Jumamosi ukaja, kwa kuwa Jumamosi huyo msichana hashiki kompyuta hata umlipe. Ukaweka maji ya bomba, ukatumia nywila yake, ukaandika Kongayo. Kisha Jumatatu ukapiga simu polisi ukilia kwamba mfanyakazi wako anagandisha mashine. Bonyeza ANZA sasa."

"Sitabonyeza."

Nyakerario alinyoosha mkono akabonyeza yeye. Sindano ilinyonya. Karatasi ya kiwango cha zebaki ilibandikwa ukutani: mwisho ni moja. Namba ziliinuka kwenye skrini, zikasimama. Kumi na tisa nukta nne.

Dolphine alifanya ishara ya msalaba. Motari alikuwa ameacha kuandika.

"Wanachota tangu Jumamosi," alisema Nyakerario. Akapiga simu kwa chifu, akamwambia maneno manne: funga kisima, weka kufuli. Alingoja kwenye simu hadi aliposikia mnyororo. Kisha akatoa pingu zile zile za jana.

Orina alitazama pingu, akamtazama, na kile kitabasamu cha kulishia kuku kikamtoka. "Utajuta. Wewe ni sajini tu. Darasa la nane."

"La nane, ndiyo. Lakini la pili nilipita."

Kituo cha polisi kilikuwa mteremko mmoja tu kutoka maabara. Saa saba na nusu Beverlyne Kemuma alitolewa. Alikaa kwenye benchi la mbao akivaa viatu vyake, maana ndani wanakunyang'anya, na koti lake jeupe lilikuwa limechafuka mgongoni. Nyakerario alisimama mbele yake na hakuketi.

"Nilikufunga bure, omwana one, mwanangu."

Msichana alifunga kamba ya kwanza, akafunga ya pili. "Nilikuambia haipiti. Jana, mara tatu. Nilikuambia Kong'ayo haipiti hata ukiomba."

"Uliniambia."

"Uliamini viatu."

"Niliamini viatu," alisema Nyakerario.

Beverlyne aliinuka. Hakusema kwamba amesamehe, na Nyakerario hakumwomba aseme. Walisimama kando wakimtazama Orina akivuliwa mkanda na saa. Konstebo wa kaunta alikuwa na kitabu kikubwa cha matukio mbele yake, anaandika kwa kasi ya mtu aliyekosa chakula cha mchana.

"Jina kamili?"

Orina aligeukia ukuta. Konstebo alisoma kwenye kitambulisho, akaandika, akageuza kitabu ili Nyakerario atie sahihi. Orina Nyangau.

Nyakerario alisoma mara moja. Akarudisha kitabu.

"Kidude cha juu."

"Afande, si ni ile ile tu?"

"Hapana. Jina la mtu liandikwe lote. Ng' ya ng'ombe." Alimwangalia Orina, kisha Beverlyne. "Kitabu chetu hakihang."

Konstebo akaguna, akashika kalamu, akakiweka. Alikandamiza hadi karatasi ikatoboka.